Fundi Elihuruma na Uteuzi wa Marekani

Elihuruma Pallangyo ni fundi wa matarumbeta. Karakana yake iko Kijenge, chumba kimoja cha mabati chenye jiko la mkaa, nyundo za mpira na harufu ya bati linaloyeyuka. Vikundi vya matarumbeta vya sharika nyingi kuzunguka Mlima Meru vinamfahamu, maana tarumbeta la kanisa lina maisha magumu. Amewahi kuletewa besi iliyokaliwa na mwinjilisti, tromboni iliyobanwa na mlango wa gari aina ya Noah, na honi moja ambayo kuku alitagia ndani. Yai lilitoka zima. Honi ndiyo ilipasuka.

Mimi naitwa Tekla Nnko, katibu wa baraza la wazee wa kanisa katika usharika anaosali Elihuruma. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine niliyaandika mwenyewe kwenye daftari la vikao, na yaliyobaki nilielezwa na mkewe, Hedwiga, mama wa Kibosho ambaye ukimuuliza jambo moja atakujibu matano.

Karakana ya Elihuruma imepakana na kibanda cha video cha Ludovick. Kati yao kuna bati moja tu. Kwa miaka kumi na mbili Elihuruma amesikiliza filamu bila kuziona. Maneno ya Kizungu hayakuwa yakipita vizuri kwenye bati. Kilichopita ni muziki. Kwa muziki huo alijua nani amekufa, nani amependwa, na mwizi kajificha wapi. Siku nyingine alisahau kabisa kwamba yuko kazini, akapaza sauti upande wake wa bati, "Yuko nyuma yako!" Watazamaji wote wa Ludovick wakageuka kuangalia nyuma.

Alichochukia ni filamu za kutafsiriwa, zile ambazo mfasiri huzungumza juu ya kila kitu mwanzo mpaka mwisho. Aligonga bati kwa nyundo. "Ludovick! Mwambie huyo anyamaze kidogo, filimbi zinaanza!"

"Fundi, watu wamelipa wamsikilize yeye."

"Basi wamekula hasara."

Binti yao Hanna, anayesoma chuo Dodoma, ndiye aliyeanzisha mambo. Alikuja likizo akamwambia baba yake kwamba Marekani kuna tuzo kubwa, ile yenye sanamu ya dhahabu, na ndani yake kuna tuzo ya muziki wa filamu. Kila Januari wanateuliwa watano, halafu baadaye mmoja anashinda.

Elihuruma aliacha kugonga. "Nani anawateua?"

"Wanamuziki wenzao, baba."

"Wanamuziki wenzao! Basi najua watakavyofanya. Nimekaa kwaya miaka thelathini."

Hanna alimtumia bando na kumwonyesha namna ya kuupata muziki wenyewe mtandaoni, bila mfasiri na bila watu wanaotafuna karanga. Mwaka ule wa kwanza Elihuruma aliandika watano wake kwa chaki nyuma ya mlango wa karakana. Majina ya filamu hayamkai kichwani, kwa hiyo aliandika kwa namna yake: *Ya mpishi wa malkia. Ya mwanaanga aliyemsahau mkewe. Ya mapacha wa chini ya maji.* Hanna ndiye aliyekuwa akitafsiri ipi ni ipi. Elihuruma alipata wanne. Mwaka uliofuata alipata wote watano.

Ludovick hakuweza kukaa na jambo hilo. Alimpigia simu Princess, mtangazaji wa redio moja ya hapa mjini, msichana anayezungumza haraka kama anakimbia mvua. Princess alikuja, akarekodi, na Jumamosi mchana akatangaza: "Fundi wa Kijenge atabiri uteuzi wote, hakukosea hata jina moja!" Neno filamu nalo alilitaja, sikatai. Lakini alilitaja mwishoni, na tangazo la sabuni lilikuwa limeshaanza.

Sasa kwa Mtanzania, neno uteuzi halina muziki ndani yake. Uteuzi ni ile barua inayosambaa jioni kwenye simu, ambayo mtu amelala mstaafu akaamka mkuu wa wilaya. Jumatatu asubuhi Elihuruma alipofungua karakana alikuta wanaume watatu wamevaa suti, wamekaa kwenye benchi la wateja, kila mmoja akijifanya hawajui wenzake.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bwana Hans, ofisa kilimo mstaafu. Alifunga mlango nyuma yake.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "nimesikia habari zako. Nataka kujua kitu kimoja tu. Jina langu limo?"

Elihuruma alimtazama kwa heshima. Hakuwahi kukutana na mtunzi wa muziki wa filamu. "Wewe unapiga ala gani, mzee?"

"Ala?"

"Maana kama hujapeleka muziki, huwezi kuteuliwa. Huo ndio utaratibu."

Bwana Hans alikaa kwenye kibao karibu na jiko. "Nilijua tu. Nilijua kuna kupeleka muziki. Sasa fundi, unapelekwa muziki kiasi gani?"

"Asilimia thelathini na tano, angalau. Hiyo ni sheria yao, Hanna alinisomea. Na uwe wako mwenyewe, usiazime kwa mtu."

"Thelathini na tano!" Bwana Hans alisimama. "Nimetumikia taifa hili miaka thelathini na minne! Nimefundisha watu kupanda maparachichi!"

"Ni kazi nzuri," alisema Elihuruma, "lakini kwa kweli sidhani kama wanaangalia maparachichi."

Bwana Hans alitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Mchungaji wetu. Kufikia jioni habari ilikuwa imevuka Kimandolu nzima kwamba Elihuruma anapiga ramli, na kwamba anachukua asilimia thelathini na tano. Wakati huohuo mama mmoja alimpelekea trei ya mayai ayaguse aseme yapi yataanguliwa, na Namnyaki, muuza maziwa, akamuuliza kama ng'ombe wake atazaa dume. Elihuruma alijibu kwamba ng'ombe hajapeleka muziki. Aliona ni utani mzuri. Hakuna aliyecheka.

Baraza la wazee likamwita.

Ninalo daftari hapa. Kikao kilifunguliwa kwa sala saa tisa alasiri, wajumbe kumi na mmoja. Mzee Parsimei Lukumay alikuwepo, mwenyekiti wa kamati ya majengo, Mwarusha wa miaka sabini na minne, mwenye ng'ombe wake Kisongo na fimbo ambayo haiachi hata akienda kupima presha.

"Ndugu Elihuruma," Mchungaji alianza, "kuna malalamiko mawili. La kwanza, unapiga ramli. La pili, unadai asilimia thelathini na tano."

"Ya muziki," alisema Elihuruma.

"Ya muziki wa nani?"

"Wa mtu mwenyewe."

Niliandika hivyohivyo. Ukurasa ule ukisomwa hauelekei popote.

Ilichukua nusu saa kueleweshana kwamba walioteuliwa ni Wazungu, kwamba hakuna aliyepewa wilaya, na kwamba mambo yote yanahusu vinanda. Lakini mzee Parsimei hakuridhika. Alitaka kujua mtu aliyekaa Kijenge anajuaje watu wa Marekani watachagua nini, kama hana kitu kinachomnong'oneza.

"Mzee wangu, ni mazoea tu," alisema Elihuruma. Alichangamka, hakuwahi kuulizwa na watu wengi hivyo. "Kila mwaka lazima awepo mmoja wa vita, ngoma kubwa na kwaya inayoimba maneno yasiyokuwepo. Lazima awepo mmoja wa piano peke yake, polepole, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Lazima awepo mmoja wa ajabu, wa kugonga masufuria na kukwaruza milango, huyo wanamteua ili waonekane wanaelewa. Na lazima awepo mmoja anayeteuliwa kwa sababu huwa anateuliwa. Wakiliona jina, mkono unakwenda wenyewe. Ni kama mzee Parsimei hapa na kamati ya majengo. Tunamchagua kila mwaka, na mpaka leo hatujajenga hata choo."

Wajumbe wote walimgeukia mzee Parsimei. Nilisikia kalamu yangu.

"Nimetoa mfano tu," alisema Elihuruma.

"Na wa tano?" Mchungaji aliuliza haraka.

"Wa tano ndiye kazi. Wa tano unamsikiliza kwa tumbo."

"Hapo!" Mzee Parsimei alipiga fimbo sakafuni. "Tumbo! Mmesikia? Kuna nini humo tumboni?"

"Mtori, mzee. Kapika Hedwiga."

Baraza liliazimia kwamba jambo lichunguzwe mpaka Januari, na kwamba mjumbe mmoja akae karakanani kila Jumamosi fundi anaposikiliza muziki, aangalie kama kuna ushirikina. Mzee Parsimei alijitolea kabla Mchungaji hajamaliza sentensi.

Jumamosi ya kwanza alifika na kiti chake mwenyewe. Alikagua chini ya benchi, ndani ya besi mbili na kwenye kopo la misumari. Taarifa yake aliniletea kwa mkono, nimeibandika kwenye daftari: *Saa 8:10, filimbi. Hakuna hirizi. Saa 8:25, amefumba macho. Nilimwambia afumbue. Alifumbua. Saa 9:00, chai na maandazi. Maandazi ni ya kawaida.*

Jumamosi ya pili taarifa ilikuwa fupi. Jumamosi ya tatu ilizuka filamu moja ya mchungaji wa kondoo anayepoteza kundi lake kwenye theluji. Honi nne zinaanza kwa mbali, zinaitana, moja haijibiwi. Elihuruma anasema alipogeuka alimkuta mzee Parsimei anafuta macho kwa shuka.

"Moshi wa mkaa huu," alisema mzee.

Jiko lilikuwa halijawashwa.

"Ero, kijana wangu, hebu rudisha pale mwanzo," aliendelea mzee. "Nataka kukagua vizuri. Huyo aliyeita asijibiwe, ni kondoo au ni mtu?"

"Ni honi ya tatu, mzee."

"Masikini. Rudisha tena."

Kuanzia hapo ukaguzi ulikwisha na ubishi ukaanza. Mzee Parsimei alikuja Jumamosi, akaja Jumatano, akaja siku ambazo Elihuruma alikuwa na kazi za watu. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Muziki huu hauna mgongo. Huu umenenepa. Huu unalia kabla hajafa mtu, ni unafiki. Alimgongea Ludovick bati kwa fimbo akamwambia mfasiri wake ni adui wa maendeleo. Mkewe, bibi Silantoi, alinipigia simu akiwa na wasiwasi.

"Tekla mwanangu, baraza limempa nini mzee wangu? Anawaimbia ng'ombe. Akifika mahali fulani anasimama, ananyoosha mkono, ng'ombe na wao wananyamaza. Mimi ninakamua, siwezi kuingia mpaka amalize."

"Shikamoo bibi. Maziwa yamepungua?"

"Marahaba. Yameongezeka. Lakini je, ni vizuri?"

Desemba ilipotoka ile orodha fupi, yenye miziki michache iliyobaki mashindanoni, wazee hawa wawili walikubaliana juu ya minne bila kupigana. Waligombana juu ya wa tano.

Kulikuwa na filamu ya mtu wa posta anayepeleka barua moja kuvuka barafu. Muziki wake karibu wote ni tromboni moja, peke yake, dakika nne mfululizo bila kitu chochote nyuma. Elihuruma mwenyewe ni mpiga tromboni; amekaa mstari wa nyuma wa kikundi cha usharika tangu kipaimara, na katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu akiiachia tromboni nafasi kiasi hicho. Aliusikiliza mara nyingi mpaka Hedwiga akaanza kuupiga mluzi akimenya ndizi.

"Mzuri," alisema mzee Parsimei. "Hautateuliwa."

"Kwa nini, mzee?"

"Tromboni ni kama mjomba kwenye harusi. Wote wanampenda, lakini hakuna anayemwita mbele kukata keki. Weka ule wa wanabenki."

Ule wa wanabenki ulikuwa noti moja inayokoroma kwa dakika sita, halafu inapanda kidogo, halafu inajuta.

"Mzee, ule hata wewe unakukera."

"Unanikera sana. Ndiyo maana wasomi wataupenda. Ero, wewe ndiye uliyenifundisha haya!"

Hawakusikilizana. Kila mmoja akaandika orodha yake.

Siku ya kutangazwa ilikuwa siku ya kazi, saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu, lakini ukumbi wa usharika ulijaa. Princess alikuja na kinasa sauti. Hedwiga alikuja na sufuria la mtori, kwa sababu alisema watu wakihukumu na njaa wanahukumu vibaya. Wenye suti walikaa mstari wa mbele, Bwana Hans katikati. Walikuwa wameelezwa mara nyingi kwamba ni filamu, wakatikisa vichwa kama watu wanaojua siri. Hanna alikuwa kwenye simu kutoka Dodoma, na simu tuliiunganisha na spika za kanisa, hivyo sauti yake ilishuka kutoka darini kama ya malaika na bibi mmoja akasimama.

Kwanza Hanna alisoma orodha mbili mbele ya watu wote, ya baba yake na ya mzee Parsimei. Alipofika kwenye filamu ya mtu wa posta alitaja jina lake kamili, jina la mtunzi, na akaongeza, "muziki wa tromboni." Wapigaji wetu watatu wa tromboni walipiga makofi. Kisha tukasubiri. Kisha Hanna akasema, "Wameanza."

Muziki wa mchungaji wa kondoo ulitoka wa kwanza. Mzee Parsimei alinyanyua fimbo juu kama amefunga goli. Ukafuata wa vita. Ukafuata wa piano. Ukafuata wa masufuria, na hapo ukumbi mzima ulikuwa umesimama, hata watu ambao mpaka leo hawajui tulikuwa tunasubiri nini. Kila mmoja alikuwa na nne kwa nne.

"Wa tano," alisema Hanna, na akanyamaza kidogo. Mtoto anampenda baba yake. "Wa tano ni wanabenki."

Kelele zilizofuata zilisikika barabarani. Elihuruma alikaa chini. Mzee Parsimei alimshika bega kwa mkono mmoja, huku mwingine bado uko juu na fimbo.

Mchungaji aliomba utulivu. Alinong'ona na wajumbe wawili, akasafisha koo. "Baraza limejiridhisha," alisema, "kwamba mtu mwenye pepo la utabiri hawezi kukosea. Ndugu Elihuruma amekosea. Amekosea mbele yetu sote, tena na orodha yake imesomwa kwenye spika. Kwa hiyo hana nguvu zozote, ni mwenzetu kama sisi, na malalamiko yamefutwa."

Watu walishangilia. Walimbeba Elihuruma juu kwa kukosea kwake, wakamzungusha ukumbini, na yeye akawa anatabasamu kwa shida kama mtu anayepongezwa kwa kuanguka mtihani.

"Kwa upande wa mzee Parsimei," aliendelea Mchungaji, na hapo sauti ikampungua, "ambaye amepata yote matano..."

Mzee Parsimei alishusha fimbo. "Mchungaji, mimi nilikuwa nasimamia!"

"Najua, mzee wangu."

"Mlinituma nyie!"

Lakini Bwana Hans alikuwa ameshahama kiti. Alikuwa mbele ya mzee, ameinama, ameshika mikono yake miwili. "Shikamoo mzee," alisema kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kumwona nao. "Mimi naitwa Hans. Nimefundisha watu kupanda maparachichi." Nyuma yake suti nyingine mbili zilikuwa zimepanga mstari, na nyuma yao Namnyaki, na nyuma ya Namnyaki mama wa mayai na trei yake.

Baraza lilikaa palepale kwa dharura, likakubaliana kwamba mzee Parsimei naye achunguzwe kwa mwaka mmoja. Walipouliza nani atakaa naye Jumamosi, wote walinitazama mimi. Sasa nina kiti changu karakanani. Nimeanza kuwa na maoni juu ya violini.

Elihuruma na Hedwiga walirudi nyumbani kwa miguu jioni ile, sufuria tupu katikati yao, kila mmoja ameshika mshikio mmoja. Hedwiga ndiye aliyenisimulia.

"Baba Hanna, ulijua ule wa posta hautateuliwa?"

"Nilijua tangu Novemba."

"Sasa uliuandika wa nini? Si ungebaki bingwa?"

"Nilitaka utajwe mbele za watu. Kule wasingeutaja. Nikasema basi angalau utajwe hapa."

Walipofika alitoa tromboni yake chini ya kitanda, akakaa kwenye kizingiti, akaupiga wote, dakika nne, bila karatasi. Majirani walitoka wakasimama uani. Hedwiga alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Ni mzuri sana," alisema. "Ila pale katikati, mume wangu, kwa kweli ungepunguza."